Santuri ya kwanza ilikuwa anjera: Chuku ya mwalimu wa Ifo

Wiki chache baada ya kuandika katika safu hii kwamba walimu wa Kiswahili waache kuwalisha wanafunzi asili za kubuni za maneno, nilijikuta Dadaab nikilishwa asili ya kubuni ya muziki mzima. Mlishaji mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Tulikuwa watatu kwenye kibanda cha chai katika soko la Hagadera, jioni, baada ya siku nzima ya warsha kuhusu ufundishaji wa insha. Nilikuwa mimi, mwalimu kijana aliyelelewa na kusomea Ifo, kambi ya kwanza kufunguliwa Dadaab mwaka 1991, na mwalimu mwenzake, mama wa makamo ambaye kijana alimwita “eeddo”, yaani shangazi, ingawa hawana undugu wa damu. Mbele yetu palikuwa na chai ya maziwa iliyokolea iliki na sahani ya anjera zilizopakwa mafuta ya ufuta na kunyunyiziwa sukari.

Msomaji wa Kakamega au Kyela ambaye hajaionja anjera asiwaze chapati. Wasomali huiandika “canjeero”, na hiyo c ya mwanzo si “ch” wala si “k”. Tangu Kisomali kilipopewa rasmi hati za Kilatini mwaka 1972, c husimamia ile herufi ya Kiarabu itokayo kooni, ‘ain. Ndiyo maana Cabdi ni Abdi tu, na karani anayelisoma jina hilo “Kabdi” hujichekesha bure. Unga hukorogwa ukawa rojo, hupigwapigwa kwa mkono, kisha hulazwa usiku kucha uchache. Asubuhi rojo humiminwa katikati ya kikaango na mpishi hulizungusha kwa kitako cha kikombe au upawa, kutoka kitovuni kwenda ukingoni, mpaka mkate unaiva ukiwa na mistari ya mviringo na vitundu vidogo vidogo. Huiva upande mmoja tu, haugeuzwi. Binamu yake wa pwani ni chila. Jirani yake ni muufo, ambao Mswahili anaujua kama mkate wa mofa.

Shika hayo mawili, mistari ya mviringo na upande mmoja, maana ndiyo yaliyoibeba hadithi.

“Mwalimu,” kijana akaniuliza, “muziki ulitoka wapi?”

Nami, kama mjinga, nikaanza kulijibu swali. Nikamtaja Sultani Barghash aliyetawala Unguja kati ya 1870 na 1888, na jinsi inavyosimuliwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ganuni. Nikaitaja Ikhwani Safaa ya 1905. Nikamtaja Siti binti Saad na safari yake ya Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kijana alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipositasita ili ninywe chai. Kisha akasema: “Hapana, mwalimu. Ulitoka kwa anjera.”

Kwa mujibu wake, hapo kale dunia ilikuwa na kelele lakini haikuwa na muziki. Palikuwa na bibi mmoja, “ayeeyo” wa watu, mkali kuliko jua la Februari. Kila usiku bibi huyo alipiga rojo lake huku akimfokea mumewe: ameuza mbuzi yupi, kwa nani, kwa bei ipi, na pesa ziko wapi. Mume alikaa kimya. Rojo, hata hivyo, lilikuwa linasikiliza. “Unafikiri ni kwa nini tunalilaza usiku kucha?” kijana akaniuliza. “Si lazima likariri?”

Asubuhi moja, bibi alipokuwa akikizungusha kikaango ili moto uenee sawasawa, mwiba wa mathenge ukaanguka kutoka paani, ukasimama wima juu ya anjera. Ukafuata mfuo wa kwanza, ukafuata wa pili, na sauti ya bibi ikatoka mkateni neno kwa neno, mbuzi kwa mbuzi. Ngamia wakainua vichwa. Majirani wakaja. Wakaomba irudiwe, ikarudiwa, na mara ya tatu mtoto mmoja akaanza kucheza. Basi wimbo wa kwanza duniani ulikuwa lalamiko la mke kuhusu mbuzi, na nyimbo za mapenzi, alisema kijana, hazijabadilika sana tangu siku hiyo.

Habari zikasafiri, zikafika Marekani zikiwa zimechakaa njiani. Thomas Edison, mwaka 1877, alipata kusikia kuwa kuna mkate unaoimba. Bahati mbaya msafiri aliyembebea kielelezo alikuwa ameikunja anjera na kuitia kwapani. Ndiyo sababu mashine ya Edison ilitumia mcheduara, lile umbo la mkebe ambalo walimu wa hisabati wanalipenda, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Marekani, akapata anjera iliyonyooka. “Na hakuila,” akasema kijana. “Mzungu alituzidi hapo tu, mwalimu. Hakuila.”

Na vitundu je? Vitundu ni mahali pa kuvuta pumzi. Anjera isiyo na vitundu haiwezi kuimba; hiyo hutoa matangazo. “Kama yale ya kipaza sauti siku ya mgao,” akaongeza, na muuza chai, aliyekuwa amejifanya hatusikii, akacheka hadi akamwaga maziwa.

Hebu sasa nivue kofia ya mgeni nivae ya mhakiki.

Fani ya kijana huyu ni kongwe katika Kiswahili. Tunaiita chuku. Kabla neno hili halijawa na maana ya kutia chumvi, chuku ilikuwa pembe ya kuumikia: mganga huiweka mwilini, huinyonya hewa, nyama ikavimba, damu mbaya ikatoka. Kupiga chuku basi ni kuvimbisha kitu, ila hapo chini ya uvimbe lazima pawe na mwili. Huwezi kuumika hewa. Ndipo wengi wanapoteleza, hasa wachekeshaji wetu wa redioni, wanaodhani kuwa jambo likiwa haliwezekani kabisa basi linachekesha kabisa. Kijana wa Ifo analijua hilo fika. Karibu kila kiungo cha uzushi wake kimeshikizwa kwenye kitu ambacho unaweza kukipapasa. Anjera kweli ina mifuo ya mviringo. Mashine ya Edison kweli ilikuwa ya 1877 na kweli ilitumia mcheduara. Berliner kweli alisajili gramafoni yake 1887 na kweli aligeukia bapa.

Nilipomwambia kuwa santuri za mwanzo zilirekodiwa upande mmoja tu, kama anjera inavyoiva upande mmoja, aliitikia kwa kichwa polepole, uso wa mtu aliyelijua hilo tangu utotoni. Hakulijua. Niliona macho. Ila chuku iliyosimama vizuri huwa na bahati ya namna hiyo. Unaitupa gizani ikagonga kitu.

Lugha yenyewe nayo imemfanyia nusu ya kazi. Wazee wetu walisema, na wengine bado husema, “sahani ya santuri”. Sasa, lugha iliyokipa chombo cha chakula na chombo cha muziki jina moja ina haki gani ya kumshangaa Msomali anayesikia wimbo kwenye kifungua kinywa? Kijana hakuligusa neno hilo hata mara moja. Aliliacha limelala pale mezani, chini ya anjera zenyewe, nami ndiye niliyeligundua usiku nikiwa kitandani. Huo ndio ustadi ninaoupenda.

Bahati mbaya hakufanya vivyo hivyo na neno “bamba”. Msomaji anajua kuwa bamba, kama nomino, ni kitu chembamba kilicho bapa, kama bati. Kama kitenzi ni kushika au kunasa. Kwenye Sheng, ngoma kali inabamba. Na kambini kulikuwa na kadi ya chakula ya simu iliyoitwa Bamba Chakula. Kijana akayakusanya haya yote, akanyoosha kidole: “Umeona, mwalimu? Mkate bapa, chakula, ngoma. Neno moja!” Hapo alinipoteza. Aliacha kusimulia akaanza kuthibitisha, na thibitisho lenyewe ni lile lile ninalolipigia kelele hapa kila mara: maneno mawili yakifanana sauti, mtu huyafungisha ndoa bila kuuliza koo zao. Mzaha ukianza kutafuta ushahidi unakuwa mhadhara, tena mhadhara mbovu. Bamba ilifaa kuachwa iangukie sikio la msikilizaji kama sahani ilivyoangukia langu.

Kuna kosa jingine, dogo, ambalo nililiona la kuchekesha kwa muda wa dakika mbili. Nilimwambia: bibi wako aliishi kabla ya Edison, sivyo? Naam. Na mwiba ulikuwa wa mathenge? Naam. Basi una tatizo, nikasema. Mathenge, huo mti vamizi ambao kila mfugaji wa Garissa na Baringo anaulaani kwa kuwaharibia mbuzi meno, uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980. Bibi hakuwa na mathenge paani.

“Basi ulikuwa mgunga,” akajibu bila kupepesa jicho, akanyoosha mkono kuchukua anjera nyingine.

Mimi nilicheka. Eeddo hakucheka. Alikuwa kimya muda wote, akizungusha kikombe chake mezani, na aliposema alisema nami, si na kijana.

“Mwalimu, wewe umemuuliza mara moja na amebadilisha mti. Umecheka. Unajua hapa mtu akibadilisha mti kunakuwaje?”

Akanieleza. Kwenye mahojiano yake ya kwanza, miaka mingi iliyopita, aliulizwa nyumba ya baba yake ilikuwa na milango mingapi. Akasema miwili. Miaka ikapita, akaitwa tena, mbele ya mtu mwingine na mkalimani mwingine, akaulizwa swali lile lile, akasema mitatu. Yote mawili ni kweli: mlango wa tatu ulizibwa kwa matofali vita vilipoanza, na mara ya kwanza aliuhesabu ule uliobaki, mara ya pili akauhesabu ule wa utotoni. Mhojaji aliandika kitu. Hakuuliza mlango wa tatu ulikwenda wapi. Eeddo bado yuko Dadaab.

“Sisi hapa tunaitwa waongo hata bila kupiga chuku,” akasema. “Sasa huyu anawafundisha watoto chuku darasani. Kuna mmoja aliandika kwenye insha ya mtihani wa muhula kuwa gramafoni ilivumbuliwa Ifo.”

Kijana akaangalia chini. Mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikakimbilia fasihi. Nikamkumbusha Abunuwasi na kesi ya harufu. Msomaji ataikumbuka: maskini alikula chakula chake kikavu karibu na nyumba ya tajiri, akikiteremsha kwa harufu ya nyama iliyokuwa ikipikwa humo. Tajiri akamshtaki, na maskini akaamriwa alipe harufu aliyoila. Abunuwasi akachukua fedha, akazigonga zikalia, akamwambia tajiri achukue ule mlio, maana aliyeuza harufu hulipwa sauti. Huo, nikasema, ndio utetezi wa chuku. Dai la kipuuzi likipewa heshima ya mahakama, jibu lake halali ni upuuzi uliopangwa vizuri zaidi. Tena angalia: chakula na sauti, vitu vile vile viwili vya kijana wetu, vimewekwa kwenye mizani moja.

“Abunuwasi alikuwa akiingia kwa Harun Rashid anapotaka,” eeddo akanijibu. “Sisi hatuna tunayemjua humo ndani.”

Nimefundisha hekaya za Abunuwasi kwa miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia hivyo. Sikuwa na jibu. Bado sina jibu linalonitosheleza, lakini kuna jambo ambalo ningelisema lau ningepewa jioni nyingine pale kibandani.

Ningesema kwamba historia za kweli za muziki hazifanani na ukweli kuliko ile ya anjera. Wimbo wa kisasa wa Kisomali una mwanzo wake, na John William Johnson, mtafiti Mmarekani, aliandika kitabu kizima juu yake. Yasimuliwa kuwa katika miaka ya 1940 Abdi Sinimo, dereva wa lori kutoka upande wa Borama, aliharibikiwa na gari njiani. Akajaribu kulitengeneza, likakataa. Akakaa chini akatunga beti fupi za kusikitika. Beti hizo zikaitwa balwo, neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu wa damu wa balaa letu, na kutokana nazo ukakua utanzu mrefu zaidi, heello, uliokuja kutawala redio. Naye Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki huo kwa kuuingiza udi ndani yake, alizaliwa mwaka 1924 wapi? Moshi, Tanganyika, chini ya Kilimanjaro. Lori bovu na mtoto wa Moshi! Mwanafunzi akiniandikia hayo katika insha ya kubuni ningemwandikia pembeni kwa wino mwekundu: haiaminiki.

Hata Barghash wangu, niliyemtaja kwa kujiamini nikiwa na chai mkononi, hakusimama imara kama nilivyojifanya. Watafiti kama Kelly Askew na Janet Topp Fargion wametuonyesha kuwa taarab ya pwani hii ina mizizi mingi kuliko jumba moja la mfalme. Tunampenda sultani kwa sababu hadithi yenye mtu mmoja, safari moja na ala moja inakaririka. Rojo hulala usiku mmoja tu likakariri. Sisi wasomi tumeikariri hiyo kwa miongo.

Tofauti, basi, haipo kwenye kuaminika. Ninaiona mahali pengine. Ukinionyesha kuwa lori la Sinimo halikuharibika, nimepoteza kitu na itanibidi niandike upya. Ukimwonyesha kijana kuwa mathenge haukuwepo, hajapoteza chochote. Anabadilisha mti na hadithi inazidi kunoga. Msikilizaji na msimulizi wamekubaliana hivyo kabla ya neno la kwanza. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo ndiyo maana kina uongo, uzushi na uzandiki kwa upande mmoja, na chuku, soga na porojo kwa upande mwingine. Mahojiano ya eeddo yalikuwa mahali ambapo upande mmoja wa meza ulidhani unasikiliza aina ya kwanza. Hakuna aina ya pili iliyoruhusiwa humo, wala kukumbuka vizuri zaidi mara ya pili hakukuruhusiwa. Sasa mtu ambaye kila neno lake huwekwa kwenye faili kulinganishwa na jingine, ni nani wa kumnyima hadithi moja tu ambayo anaweza kuibadilisha apendavyo?

Hilo silo jibu kwa kesi ya insha. Kwenye mtihani, gramafoni haikuvumbuliwa Ifo, na mwalimu afunzaye soga afunze pia mahali pake. Eeddo ana haki hapo na nilimwambia hivyo.

Nadhani kijana alijua kuwa hadithi yake imeumia, kwa sababu baada ya kimya kirefu aliirudia, bila kuombwa, na kuimaliza. Sidhani kama mwisho huo alikuwa nao tangu mwanzo. Sauti ilikuwa imebadilika, na zile sentensi zake za insha, za mawio na machweo, zilikuwa zimekwisha.

Akasema kuwa ulifika wakati Mogadishu watu wenye bunduki waliukataza muziki. Kukawa hakuna kanda, hakuna redio, hakuna arusi. Muziki ukatafuta pa kulala. Ukajaribu kisimani, ukaonekana. Ukajaribu msituni, ukaonekana. Mwishowe ukarudi nyumbani kwa bibi, ukaingia kwenye rojo, kwa maana hata mtu mwenye bunduki hula asubuhi, na hakuna aliyewahi kukataza anjera. Umo mpaka leo. Kile kisauti cha tss unachosikia rojo linapogusa chuma, akasema, ni muziki unaulizia kama wameondoka.

“Hapo si chuku,” eeddo akasema taratibu.

Kweli, si chuku yote. Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki. Baadhi ya vituo, visiwe na cha kutia kati ya taarifa na taarifa, vikatia milio ya risasi na sauti za wanyama. Na huko Hargeysa, mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipokuwa zikiupiga mji mabomu, watu wa redio walizificha kanda za nyimbo wasizopenda zipotee. Nyingine zilifukiwa ardhini. Zilifukuliwa miaka baadaye, na sehemu ya hazina hiyo ya nyimbo za Kisomali ilitolewa mwaka 2017 katika mkusanyo uitwao Sweet as Broken Dates. Utamu wa tende zilizovunjwa. Jina hilo halikubuniwa na kijana wa Ifo, lakini angelibuni.

Kama mhakiki natakiwa kuuliza iwapo mwisho huo unalingana na mwanzo, iwapo bibi wa mbuzi na mwenye bunduki wanaweza kukaa kwenye hadithi moja. Jibu langu ni kuwa hawakai vizuri. Mshono unaonekana. Nusu ya kwanza ina Edison na Berliner, watu wenye majina na tarehe. Nusu ya pili haina jina la mtu hata mmoja, kana kwamba msimulizi, mcheshi aliyethubutu kumcheka Mzungu kwa jina, ameona afadhali asitaje anayemjua kwa karibu. Mhariri angemwambia aunganishe. Mimi ningemwomba auache mshono ulivyo.

Nilimuuliza kama ataiandika. Akatikisa kichwa. “Nikiiandika, mwalimu, itakuwa faili.” Akaniruhusu mimi niiandike mradi nisimtaje jina, nami nimeshika ahadi, hata hiki nilichokiweka hapa huenda kesho yeye mwenyewe atakikana na kusema mti ulikuwa mwingine.

Ilibaki anjera moja kwenye sahani. Eeddo akaimega vipande vitatu, akatugawia, na kwa mara ya kwanza jioni ile akamgeukia kijana.

“Huyo mume,” akasema, “mwishowe alisema mbuzi alimuuzia nani?”

Kijana akatafuna kwanza. “Jibu lake liko upande wa pili, eeddo.”

“Anjera ina upande mmoja.”

“Ndiyo maana bado anaulizwa.”